Jipu la Kinenani

Leo asisinzie mtu, wapendwa, maana habari hii imenikaa kooni tangu Jumatatu!

Kulikuwa na tabibu mmoja katika hospitali ndogo ya tarafa. Daktari hakuwa, lakini mkono wake! Mkono mwepesi ajabu. Majipu ya tarafa nzima yalipita kwake, na mtu akiingia analia, anatoka anacheka. Wakamwita daktari, naye hakuwasahihisha. Wewe ungewasahihisha?

Sasa, hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila mwaka kamati iliketi, ikakagua vyeti na leseni ya kila mhudumu, kisha ikampa karatasi yenye orodha ya kazi anazoruhusiwa kufanya. Ya tabibu wetu ilibandikwa ukutani, kwenye chumba chake cha upasuaji mdogo. Mstari wa nne ulisema: kupasua majipu, isipokuwa ya shingoni na kinenani. Mstari huo ulimchoma kama mwiba.

"Jipu ni jipu!" alikuwa akisema. "Usaha unajua uko kinenani au mgongoni?"

Siku ya mnada akaletwa mwenye bucha, bonge la mtu, kabebwa na wanaume wanne. Kinenani ana uvimbe mkubwa kama chungwa, unawaka moto. Mkewe yuko nyuma, hana habari kama kitenge kimemponyoka. Dirishani wamejaa nusu ya watu wa mnada.

"Daktari, mpasue!" mke akalia. "Tangu juzi hajafumba jicho. Ulimpasua mama yangu, ukampasua na mwanangu, leo unangoja nini?"

Tabibu akanawa, akavaa glavu, akapaka dawa. Kisu kiko mkononi, wapendwa, kiko mkononi! Mara muuguzi, mama mmoja mfupi, mnene, asiyepandisha sauti, akasimama kati ya kisu na mgonjwa.

"Mstari wa nne, baba."

"Sogea, mama. Nimeanza kupasua majipu wewe hujahamia hapa."

"Najua. Sijasema huwezi. Nasema hujaruhusiwa."

Mtu akapaza sauti dirishani: "Kumbe si daktari!" Lo! Neno lile lilimwingia tabibu mpaka kwenye mfupa. Msije mkamfanya mtakatifu hapa. Alitaka kumsukuma yule mama, na laiti angekuwa mwembamba kidogo, angemsukuma. Akakitupa kisu kwenye sinia, akaagiza gari la wagonjwa.

Akapanda mwenyewe, kashika chupa ya maji ya dripu, na njia nzima anaomba jambo moja: daktari bingwa wa hospitali ya mkoa acheke. Aseme, "Mmenisafirishia jipu kilomita themanini?" Ili akirudi, yule muuguzi akome.

Wakafika. Daktari bingwa wa upasuaji hakucheka. Alimuuliza mgonjwa, "Umewahi kujikata karibu na hapa?"

"Wiki tatu zilizopita, mzee. Nachuna ng'ombe, kisu kikateleza, kikaingia pajani. Kidonda kilishapona."

Daktari akamgeukia tabibu. "Lete mkono. Weka hapa, usibonyeze. Unasikia nini?"

Tabibu akaweka. Jasho likamtoka. "Linadunda!"

"Jipu halidundi. Huu ni mshipa mkubwa wa damu, umetoboka kwa ndani. Ungetia kisu, angekwisha kabla hujashika pamba."

Tabibu akaondoa mkono upesi. "Basi mpasue wewe, daktari."

Na daktari bingwa, wapendwa, bingwa mwenyewe, akavua glavu! "Mimi? Karatasi yangu hainiruhusu. Namwita bingwa wa mishipa."

"Hata wewe una karatasi?"

"Mimi na wote walio juu yangu."

Yule bwana akapona, utukufu kwa Mungu! Na tabibu akalia pale koridoni kama mtoto. Miaka yote alidhani karatasi ile imewekwa kumdogosha, kumbe imewekwa ili watu waishi.

Sasa tuje kwetu. Maana sisi, wapendwa, tuna mikono myepesi! Mtu akiletwa hapa na uvimbe moyoni, nani kati yetu huuliza, "Umeumizwa wapi?" Nani huweka mkono taratibu asikie kama panadunda? Tunaona uvimbe, tunasema dhambi, tunapasua. Leseni hiyo ametupa nani? Karatasi yetu ni fupi, hata mtoto wa shule ya Jumapili anaiweza: mbebe, mshike mkono, mfikishe kwa Bwana. Kupasua mioyo ya watu hakumo! Hakumo kwa mzee wa kanisa, hakumo kwa mama mchungaji, na kwangu mimi ninayepiga kelele hapa hakumo.

Mnamkumbuka yule binti wa kwaya, wa sauti ya pili? Mwaka jana alikuja kwangu akilia. Sikumuuliza kitu. Nilimpasua hapa hapa, mbele yenu, nanyi mkaitikia amina. Hajarudi tena.

Nimeuliza, nimeonyeshwa anapokaa. Ni nyuma ya kituo cha mafuta. Leo sadaka itasubiri, matangazo yatasubiri. Ninavua joho hili sasa hivi, ninakwenda kumwomba radhi. Nani ananisindikiza?