Kicha cha Nanaa

Hapo zamani, mihuri ilipokuwa na nguvu kuliko mikono iliyoishika, mji wa Kisimani ulikuwa na desturi yake: siku ya Idi, Liwali hupita nyumba kwa nyumba akila. Kuacha sahani ni tusi. Nyumba zilikuwa kumi na nne.

Alipotoka ya mwisho, Liwali Shebwana alikuwa amevimbiwa hata joho halifungi. Akalazwa barazani, tumbo likinguruma polepole kama mtu anayesimulia ndoto. Mji mzima ulikuwa umeshiba na kusinzia. Hata bendera ililala.

Ngurumo ile ilimfikia Bi Mwanatumu, mjane, akiwa kwenye kijiwanja chake karibu na chemchemi. Kilikuwa na upana wa mikeka miwili, ardhi ya serikali, naye aliipanda nanaa miaka ishirini bila kibali. Wiki ile alikuwa ameambiwa kwamba barua yake ya kuhama inangoja muhuri wa Liwali tu. Hata hivyo akachuma kicha kimoja, akakipeleka.

Akakipokea Mbwarali, mpishi wa Liwali. Wengine huichemsha nanaa mpaka harufu inakimbia. Yeye aliifikicha, akaimiminia maji ya moto, akaifunika kawa, akangoja. Kawa ilipoinuliwa, Bi Mwanatumu aliona kama marehemu mumewe anapita ndani ya mvuke, ananusa, anaendelea na safari yake.

Lakini sheria ilisema dawa haiingii mwilini mwa Liwali bila muhuri wa Liwali, na Liwali hakuweza kuinua hata kidole. Karani Fumo akafikiri mpaka wino ukakauka kwenye kalamu, kisha akaandika daftarini: chai. Chai haihitaji kibali.

Liwali akanyweshwa. Baada ya kitambo akacheua, na mlio ule ukaelea juu ya mapaa kama wingu jepesi. Akaketi, akatangaza kwamba aliyemponya atapewa kijiwanja cha chemchemi.

Bi Mwanatumu akasema, "Nimeilea mimi nanaa hiyo. Mnanipa zawadi, au mnagawa kilicho changu?"

"Mama, majani hata mbuzi angeyapata," akajibu Mbwarali. "Kuingoja chini ya kawa je?"

Karani akakohoa kwa adabu. "Bila neno langu moja, mngekuwa bado mmeshika kikombe."

Mke wa Liwali, aliyekuwa akimpepea mumewe, akasema kuvimbiwa hupoa kwenyewe, na kwamba yeye ndiye aliyemfungua bwana mshipi.

Liwali akafungua daftari. "Hapa pameandikwa chai, na chai haiponyi mtu. Na kama ilikuwa dawa, mmevunja sheria."

Wote wakamgeukia Bi Mwanatumu. Yeye aliinusa mikono yake. Liwali akauinua muhuri juu ya barua ya kuhama, akasita. Husemwa mkono ule bado uko hewani, na nanaa inazidi kumea.

Haya, nyinyi mlioshiba mkanisikiliza: muhuri ukishuka, kijiwanja kiwe cha nani?