Mkuki Uliosema kwa Sauti ya Baba

Nitegeeni masikio niwapeleke Uyunani ya kale. Shujaa Aristoni aliuawa na zimwi la kike, akamwachia mwanawe Nikandro mkuki uliosema kwa sauti yake.

Nikandro akapanda mlimani kulipiza kisasi. Akamkuta zimwi mwenyewe, kikongwe kipofu, anakoroga uji.

"Karibu, mgeni."

Huko mgeni haulizwi jina kabla hajala. Zimwi akamwosha miguu, mkuki ukanong'ona, "Ua." Akampa mkate, "Ua." Akampakulia uji wote, yeye akabaki na njaa, "Ua." Mkono wa Nikandro ukawa mzito.

"Umeshiba sasa. Wewe mwana wa nani?"

"Wa Aristoni."

Zimwi akaweka mwiko chini. "Aliniulia mwanangu, nami nikamuua. Ningejua mapema ningekutafuna. Lakini umeshakula kwangu."

Nikandro akauvunja mkuki gotini, akautia motoni. Sauti ikazimika, naye akalia.

"Unalilia nini?"

"Sauti ya baba."

"Kaa basi, mwanangu. Wangu naye alikuwa na sauti nzuri."

Wakakaa wakisimuliana wafu wao, hadi uji wa pili ukaiva kwa kuni za mkuki ule.