Bi Sodi na Mikono ya Bwana Umeme

Paukwa!

— Pakawa!

Nyumba gani haina ukuta?

— Yenye watu wa kuizunguka!

Niingie?

— Ingia, nasi tuko nyuma yako!

Basi hapo kale, kabla ya chungu cha kwanza kuinjikwa jikoni, palikuwa na nchi ya Atomu. Nyumba zake zilikuwa ndogo, ndogo, ndogo. Ncha ya sindano kwao ni uwanja. Kila nyumba ilikuwa na chumba cha ndani, kiini. Humo walikaa kina Protoni, wazito, wenye chaji chanya, wasiotoka. Nje walizunguka kina Elektroni, wepesi, wenye chaji hasi, wasiotulia. Wapo na kina Nyutroni mle ndani, wasio na chanya wala hasi. Wapole hao. Tuwaache walale.

Nyumba moja ilikuwa ya Bi Sodi. Ndani kumi na mmoja, nje kumi na mmoja. Chanya yao na hasi yao zikamalizana, nyumba ikasimama wima, haiegemei huku wala kule. Lakini Bi Sodi akiamka, huwahesabu. Akila, huwahesabu. Akisinzia, hushtuka akawahesabu. Msimcheke! Alikuwa na sababu.

Sababu ni Bwana Umeme. Huyo hupita nchini amenyoosha mikono. Wa kulia huvuta nyumba zilizozidi hasi, wa kushoto huvuta nyumba zilizozidi chanya. Nyumba iliyo sawa hana pa kuishika. Iliyoegemea huiburura mbali na kwao, ikawe mpagazi wake.

Na mila ya nchi ile ilikuwa hii: nyumba hupewa jina kwa hesabu ya walio kiinini. Wa nje hawaulizwi.

Sasa, Elektroni wa Bi Sodi walizunguka kwa safu tatu. Ya kwanza wawili, ya pili wanane, ya nje mmoja tu, Kitinda. Mvuto wa kina Protoni ulimfikia umefifia, kwa kuwa wenzake kumi walikaa katikati.

Jirani yao alikuwa Klori, kumi na saba ndani, kumi na saba nje. Safu yake ya mwisho ilikuwa na saba na nafasi moja wazi, na nafasi ile ilimwasha kama upele.

"We Kitinda! Mbona umejitenga kama kuku mgonjwa?"

"Niko kwetu."

"Kwenu wanakukumbuka?"

Kitinda akaitazama ile nafasi wazi.

"Kitinda, njoo uwe wa nane!"

Hakungoja kuitwa mara ya tatu. Ruu! Akaruka.

Bi Sodi akahesabu: kumi. Akaanzia nyuma: kumi. Akaanzia katikati: kumi! Ndani kumi na mmoja, nje kumi. Chanya moja imekosa wa kuimaliza. Nyumba ikaegemea.

Na mbali kule, vuuu! Bwana Umeme anakuja.

Akatokea Bi Neoni, jirani wa upande wa pili, kumi ndani, kumi nje, safu zimejaa, hachangamani na mtu.

"Shoga yangu, unalia nini? Jambo jepesi hili. Nje wamebaki kumi, si umtoe Protoni mmoja, ndani nako wabaki kumi? Utakuwa sawa, Umeme atakupita."

Bi Sodi akakimbilia kiinini. Vuuu! Akashika mlango, akafungua kinywa kumwita mmoja atoke. Kisha akageuka. Mwenye mazoea ya kuhesabu hawezi kuacha hesabu nusu.

"Bi Neoni, nikibaki na kumi ndani, wapita njia wataniitaje?"

Bi Neoni akatazama pembeni.

"Nakuuliza wewe! Wataniitaje?"

"Si... si watakuita Neoni, mwenzangu? Jina zuri! Ukoo wetu mdogo, nimechoka kukaa peke yangu."

"Ahaa! Mimi nitakuwa nimepona, na Sodi atakuwa amekufa!"

Mnamwona mwanamke yule? Akaufunga mlango wa kiini. Akatoka akiwa ameegemea vilevile, akaenda moja kwa moja kwa Klori.

Akamkuta Klori hana kicheko tena. Nje kumi na nane, ndani kumi na saba. Hasi moja imezidi, na nyumba yake imeegemea pia.

"Dada Sodi, umemfuata Kitinda? Mchukue! Mchukue upesi!"

"Simtaki, kaa naye. Wewe umezidi hasi moja, mimi nimezidi chanya moja. Tukiwa pamoja tumezidi nini?"

Klori akakuna kichwa. "Hakuna."

"Basi nishike, mjinga we!"

Wakashikana. Wakaja kina Sodi wengine na kina Klori wengine walioegemea vilevile, wakajipanga, huyu na huyu, huyu na huyu, juu, chini na kando.

Bwana Umeme akafika. Akamvuta Sodi kwa kushoto, Klori akamzuia. Akamvuta Klori kwa kulia, Sodi akamzuia. Akavuta kwa mikono yote miwili, jasho likamtoka, hakung'oka hata mmoja.

"Nitawangoja," akafoka. "Siku mkitiwa majini mtaachana, na hapo nitawabeba!"

"Siku hiyo ikifika, twende huko majini," akasema Bi Sodi. "Unibebe mchana kutwa. Ndani nina kumi na mmoja, na utakaponiita, utaniita Sodi."

Umeme akaenda zake. Wale walioshikana wakawa punje moja nyeupe, na punje ile mnaijua: ndiyo chumvi ya mezani kwenu.

Nami hapa naishusha hadithi yangu. Aliyeona imepungua na aongeze yake. Aliyeona imezidi na amgawie jirani.

— Tumepokea, tuko sawa!