Fisi na Samaki Aliyenenepa Mkononi

Ukame ulipomaliza majani na vidimbwi vya bara, wanyama wa Kidutani walihamia ufukweni wakaanza kula samaki. Walivua wakubwa, wakavua wadogo, wakavua hata visamaki visivyo na nyama ila macho. Mwaka haujaisha, nyavu zikawa zinatoka na mwani mtupu.

Simba, mfalme wao, akaita mkutano. "Ghuba ya matumbawe nimeifunga miezi mitatu," akanguruma. "Samaki wazaane. Na kila siku maji yakipwa, Bi Kasa atatufundisha. Yeye kaishi baharini miaka themanini. Sisi tumeijua juzi kwa sababu ya njaa."

Fisi alichukia masomo tangu utotoni, lakini siku ya kwanza alifika kabla ya mwalimu, akakaa mbele kabisa, mate yakimdondoka.

Bi Kasa akachora mchangani. "Huyu ni pono. Anaguguna matumbawe, na mchanga mwingi mnaoukalia umetoka tumboni mwake." Wanyama wakainuka haraka wakajipangusa makalio. "Na huyu ni chewa. Huanza maisha akiwa jike, akikua sana ndipo hugeuka dume. Mkiwamaliza wakubwa, majike watabaki na nani?"

Fisi akainua mkono. "Mwalimu, anakaa wapi?"

"Kwenye mapango ya ghuba."

"Pango lipi hasa?"

Sungura, aliyekaa nyuma yake, akamnong'oneza, "Ndugu yangu, wewe unasoma au unaagiza chakula?"

Siku ya tatu, somo halijaanza, Fisi akaanza kunyata. Sungura akamwona.

"Unakwenda wapi? Leo ni samaki wa hatari."

"Tumbo linanisumbua, bwana."

"Hilo naliamini," akasema Sungura.

Fisi akakata mbio hadi ghubani. Chewa walipomwona wakajichimbia mapangoni. Lakini kwenye kidimbwi kimoja akamkuta samaki mnene, mzito wa kuogelea, asiyejali mtu. Akamdaka. Samaki akaanza kuvimba, akavimba mpaka akawa kama mpira.

"Lo! Ananenepa mkononi!" Fisi akashangilia. "Kumbe wapo wa namna hii, na Bi Kasa anatuficha!" Akang'ata pande moja, akameza.

Kabla hajang'ata la pili, midomo ikaanza kumchonyota. Ulimi ukafa ganzi. Miguu ikawa si yake. Fisi aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Akaona heri aibu kuliko kufa, akajikokota hadi darasani.

Bi Kasa alikuwa anamalizia mchoro. "Huyu ni bunju. Ukimshika huvimba. Ana sumu ya kuua, na..." Mbele yake alisimama Fisi, bunju mkononi, amepungua pande moja.

Hakuna aliyecheka. Walimlaza kivulini, Bi Kasa akamsikiliza pumzi mpaka jioni. Bahati yake, alikula kidogo. Kesho yake miguu ilirudi, ulimi bado. Simba akamsimamisha mbele ya wote.

"Una la kujitetea?"

Fisi alikuwa na uongo wake tayari: wimbi ndilo lililomrushia yule samaki. Lakini kilichotoka kilikuwa, "Mbwa mbwe, mbwi mbwo."

Sungura akajitokeza. "Mfalme, mimi ni jirani yake, namwelewa. Anasema alikwenda kwa miguu yake, akijua pamefungwa."

Fisi akatikisa kichwa kwa nguvu zote.

"Mnaona anavyosikitika! Anasema pia atailinda ghuba mwenyewe miezi yote mitatu, wala hataonja hata dagaa."

"Mbwooo!" Fisi akapiga magoti.

"Na anawashukuru kwa kumpa nafasi," Sungura akamalizia.

Wanyama wakapiga makofi. Simba, ambaye alikuwa amenuia kumfukuza, akalegea akamshika mkono.

Ulimi ulipozinduka, Fisi alikuwa na mengi ya kusema, lakini kila aliyekutana naye alimpongeza kwanza. Angekana vipi? Akailinda ghuba, akila mwani na kutukana kimoyomoyo. Chewa wadogo walikua wakimpita miguuni, hata akaanza kuwatambua mmoja mmoja kwa madoa yao.

Ghuba ilipofunguliwa, kila nyumba ilipata kitoweo, na samaki wadogo wakarudishwa majini. Bi Kasa alipofikia tena somo la bunju, alimwachia Fisi nafasi. Hakuna mwanafunzi aliyenyanyuka kabla halijaisha.

"Mimi niliondoka nikijua samaki wanakaa wapi," Fisi aliwaambia. "Yupi ni yupi, sikungoja kuambiwa."