Mzee Nanyaro na Picha za Arusi

Mzee Nanyaro, tajiri mpenda viti vya mbele, alisimama mbele ya maharusi katika kila picha ya arusi ya binti yake mkubwa. Sasa alidai nafasi ile ile katika arusi ya binti mdogo, Eliaichi, naye Eliaichi akalia.

Mpiga picha, Nsia, akainama kwa heshima.

"Baba, taa haiwekwi uvunguni. Ubao huu mweupe humrudishia bibi arusi nuru ya jua usoni. Nani astahiliye kuushika?"

"Mimi! Asiuguse mwingine!"

Akaushika kutwa nzima kwa fahari, kando ya kamera.

Picha zilipoletwa, Eliaichi aling'aa kama Musa ashukapo mlimani.

"Mimi niko wapi?" mzee akanguruma.

"Hata jua halimo pichani, baba," Nsia akajibu, "lakini bila hilo nani angeonekana?"