Blanketi la Korongoni

Kilichokuchosha hakijachoka. Neno hili mmelisikia leo mwenzenu Mbonea alipotaka kulitupa lile begi lake la zamani, nanyi mkaniuliza nani alilisema kwanza. Tulieni basi, niwaambie lilikozaliwa.

Huko milimani Upareni, palipo na baridi ya kung'ata masikio, Namkunda aliolewa na Elinami, akaja kukaa nyumba moja na mama mkwe wake, Bi Nakiete. Walipatana. Ugomvi wa Namkunda ulikuwa na vitu. Kila alikogeuka alikuta kitu kikuukuu: kiti kilichovunjika mguu, sufuria lililotoboka, taa ya chemli isiyo na kioo. Na blanketi moja la kijivu, limelika katikati hadi unaona mwanga upande wa pili.

Mimba yake ilipofika miezi sita, Elinami akaleta vitu vipya kutoka mjini. Namkunda akafurahi mno. Asubuhi moja akafunga kanga kiunoni, akavibeba vile vya zamani kimoja kimoja, akavitupa korongoni nyuma ya migomba. Bi Nakiete alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Vimechoka, mama," Namkunda akasema. "Mtoto anakuja, nyumba ipumue."

"Haya, mwanangu. Nyumba ni yako," akajibu Bi Nakiete, akaingia jikoni.

Siku ya tatu mama huyo akaaga kwamba anakwenda kumsalimu mdogo wake, Mzee Senzia, fundi wa mbao na mabati wa kijiji cha chini. Wiki ikapita. Ikapita ya pili. Nyumba ilimeta kweli, lakini Namkunda akaanza kuiona kubwa. Hapakuwa na wa kumuuliza kwa nini miguu inavimba, wala wa kumwambia, "Kaa chini, mwanangu, maji nitateka mimi." Mwisho akashika njia, akateremka polepole, mkono mmoja kiunoni.

Alimkuta Bi Nakiete uani kwa fundi, ameketi mkekani, anashona. Mzee Senzia alikuwa anagonga bati kando. Wakaamkiana, Namkunda akapewa maji ya kunywa. Pembeni yake palikuwa na vitambaa vya kumfunika mtoto, vitatu, vimekunjwa vizuri na kupindwa kwa uzi mwekundu. Akakichukua kimoja, akakiweka shavuni.

"Laini hivi! Mama, umevipata wapi?"

Bi Nakiete hakuinua macho. "Korongoni."

Namkunda akakitazama tena. Kijivu kile akakijua. Lile blanketi lilikuwa limelika katikati tu. Pembeni, ambako hakuna aliyewahi kulala, lilikuwa zima, na miaka ya kufuliwa ilikuwa imelilainisha.

"Lakini lilikuwa limechoka," akasema kwa sauti ndogo.

Mzee Senzia akaiweka nyundo chini. "Hapana, mwanangu. Wewe ndiye uliyelichoka. Kilichokuchosha hakijachoka."

Namkunda akamgeukia mkwewe. "Mama, mbona hurudi nyumbani?"

"Nirudi kufanya nini?" Bi Nakiete akakata uzi kwa meno. "Nilikuona ukibeba kiti, ukabeba sufuria, ukabeba blanketi nililomlelea mumeo. Nikajiangalia na mimi, magoti haya, macho haya. Nikasema, afadhali nijiondoe mwenyewe kabla zamu yangu haijafika."

Namkunda hakuwahi kufikiri hivyo hata siku moja. Machozi yakamtoka. Alitaka kupiga magoti, tumbo likamzuia, akaishia kukaa kando ya mama yule na kumshika mkono wenye sindano.

"Nisamehe, mama. Niliona vitu, sikukuona wewe. Mimi uzazi siujui. Naogopa."

Bi Nakiete akamtazama Namkunda miguuni. Kisha akaichomeka sindano kwenye kanga yake. "Miguu imevimba?"

"Imevimba."

"Na bado umeteremka mlima peke yako! Senzia, lete ule mkongojo. Leo tutapanda taratibu."

Mtoto alizaliwa salama mwezi Julai, baridi ikiwa kali. Jirani mmoja aliyekuja kumwona akashangaa kumkuta amefunikwa kitambaa cha kijivu, na nyumba ina mablanketi mapya. Akanong'ona, "Namkunda, mama mkwe wako bado anakung'ang'aniza matambara yake? Wewe huchoki?"

Bi Nakiete alikuwa palepale, mjukuu amelala kifuani pake. Namkunda akamwongezea mkwewe uji bakulini, ndipo akamjibu jirani, bila hasira:

"Dada yangu, kilichokuchosha hakijachoka."