Kwa Nini Korongo Ana Miguu Myekundu

Hapo kale miguu ya korongo ilikuwa myeupe kama kifua chake. Msiione leo mkadhani alizaliwa nayo hivyo.

Mwaka mmoja viwavi waliuvamia mtama wa Nyamizi, mjane mwenye watoto watatu na shamba moja tu. Ndipo akatua ndege asiyemjua, hoi, akikimbia baridi ya kwao. Nyamizi akamkaribisha, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya tatu akampa jembe, kama desturi. Korongo akaliweka kando, akashika mstari mmoja mmoja wa mtama akidonoa viwavi kwa mdomo wake.

Nyamizi alifurahi, ila jambo moja lilimtatiza: miezi ilipita na mgeni hajengi. Kwa akina Nyamizi, mgeni anayependwa hujengewa. Basi akamtengenezea kiota cha vijiti juu ya kihenge cha nafaka. Korongo alishukuru, akaenda kulala mtini.

"Kwani kiota changu kina kasoro gani, mgeni wangu?"

"Hakina, mama. Ila mimi hutaga kwetu, baridi ikishaisha. Huku nakuja kula."

"Yaani penye chakula huzai, na unakozaa hakukaliki?"

"Ndivyo."

Nyamizi aliligeuza neno hilo huku na huku, asilielewe.

Mvua zilipopungua korongo akaanza kutazama kaskazini, kwao, na viwavi walikuwa hawajaisha. Nyamizi aliiogopa njaa. Akamfunga miguu kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya kihenge, asijue anamzuia mgeni au anamfunga mwizi. Korongo alivuta siku mbili mpaka ngozi ikachubuka, damu ikatapakaa miguu yote. Na kwa kuwa aliyefungwa haendi shambani, viwavi wakazidi kutafuna. Nyamizi alitazama damu, akatazama mtama. Akaikata kamba huku analia kwa aibu.

"Nisamehe, mgeni wangu. Hata sijui nilitaka nini."

Korongo alishuka shambani kwanza, akaisafisha mistari miwili iliyobaki na viwavi, ndipo akaruka.

Na tangu siku hiyo korongo huja na mvua, miguu myekundu, na wanawe nyuma yake. Hula viwavi, hajengi, huondoka. Nyamizi alikikarabati kile kiota kila mwaka hadi uzeeni, na hakuna aliyewahi kukilalia. Wajukuu zake wanakikarabati hadi leo. Ukiwauliza sababu, wanatazamana.